Mkono wa Mgeni

Kule Kamenu, Thika, ukitaka kuzua ugomvi bila kumtukania mtu mamake, uliza tu: shabiki wa kweli wa mpira ni nani? Kila mwenye ulimi atakujibu. Vijana wa kinyozi watavuta jezi zao za timu za Uingereza, timu ambazo uwanja wao hawajaukanyaga wala kuunusa, na kila mmoja ataapa kwamba yeye ndiye aliyekosa usingizi zaidi mwaka ule timu yake ilipopigwa. Waache. Mapenzi ya runinga ni rahisi, mvua haikunyeshei. Lakini wazee waliofanya kazi kwenye kiwanda cha nyuzi kabla hakijafungwa hawatabishana nawe. Watakuelekeza sokoni, kwenye meza ya ovakado na ndizi, wakwambie umtazame Waruguru. Jina hilo la shabiki wa kweli walimpa wenyewe, kwa makofi, uwanja mzima ukishuhudia.

Yeye mwenyewe ukimwita hivyo siku hizi, atakufungia ndizi zako kimya kimya na kutazama pembeni. Jina hilo lilimgharimu mwana.

Waruguru alilelewa ndani ya mpira. Babake, mzee Gachanja, alikuwa fundi wa mitambo pale kiwandani, na kiwanda kilikuwa na timu yake, Kamenu Spinners, ambayo hakuna aliyeiita hivyo. Kwa watu ilikuwa Spina. Mke wa mzee alifariki mapema, na kwa kuwa Jumamosi hapakuwa na wa kumwachia msichana, mzee alimbeba mabegani hadi uwanjani. Huko ndiko Waruguru alikojifunza kuhesabu, kumtukana refa bila kutaja viungo vya mwili, na kukaa kwenye mvua bila kunung'unika. Kiwanda kilipofungwa, mitambo iliuzwa kama chuma chakavu na wafanyakazi wakatawanyika, wengine wakarudi Magharibi walikotoka, wengine wakaingia kwenye biashara ya mboga. Timu ilibaki. Ilibaki ikihangaika madaraja ya chini, leo imepanda kesho imeshuka, na mzee Gachanja akabaki nayo, jukwaani, ngazi ya tatu kutoka chini, kando ya nguzo ya taa isiyowaka.

Mzee huyo alikuwa na desturi yake. Siku moja, zamani, mashabiki wa Spina walipandwa na hasira ya kufungwa, wakampiga mshambuliaji wa wageni jiwe la kichwa. Mzee Gachanja aliteremka ngazi, akavuka mstari mweupe, akampa kijana yule mkono damu ikiwa bado inamtiririka usoni. Akamwambia, "Kazi yako umeifanya. Fika salama." Tangu siku hiyo, kila mechi ilipokwisha, Spina washinde wasishinde, mzee aliteremka akamtafuta mgeni aliyewaumiza zaidi, akampa mkono na maneno yale yale. Mawe yakaisha. Ikafika mahali wachezaji wa timu nyingine wakawa wanajisifu vilabuni kwamba wao wamewahi kupewa mkono wa Gachanja, kana kwamba ni kikombe.

Waruguru alipopata mtoto, babake mtoto alikuwa ameshatoweka, na hakutafutwa. Kwa Wakikuyu, mtoto wa namna hiyo huchukua jina la kwa kina mama, kwa hivyo mvulana akaitwa Gachanja kama babu yake. Vijana wenzake walikuja kumwita Gacha. Mamake hakumwita Gacha wala Gachanja. Angemwitaje babake mzazi kwa jina? Alimwita "baba", kama wanawake wengi wa huko wanavyowaita wavulana waliozaliwa na jina la baba zao. Baba, njoo ule. Baba, nani amekurarulia shati? Majirani walicheka sana siku walipomsikia akisema, baba, leo nitakuchapa mpaka ukome.

Watatu hao walikaa kwenye ngazi ya tatu kwa miaka. Mechi ikiisha, mvulana alishika mkono wa guka wake, yaani babu, wakateremka pamoja kumtafuta mgeni. Siku moja aliuliza mbona guka hawapi mkono wachezaji wa Spina, ilhali nao wamecheza. Mzee alicheka mpaka akakohoa.

"Mkono ni wa mgeni, guka," akamwambia, maana naye alimwita mjukuu kwa jina hilo hilo. "Mgeni unampa mkono kwa sababu anaenda. Wa kwetu hatuwapi mkono. Wa kwetu tunaenda nao nyumbani."

Na ilikuwa kweli. Baada ya mechi, hasa wakishindwa, wachezaji wawili watatu wa Spina walijikuta kwa mzee wakila githeri, bila mtu kuwaalika.

Mzee Gachanja alipofariki, Spina nzima ilimzika. Jumamosi iliyofuata kulikuwa na mechi, na kipyenga cha mwisho kilipolia watu walikaa wakitazama ile ngazi ya tatu, hawajui desturi itaenda na mwenyewe kaburini ama vipi. Waruguru alisimama, akafunga kitambaa chake kichwani vizuri, akateremka. Alimpa mkono winga mmoja wa Murang'a aliyekuwa amewatesa siku hiyo, akasema maneno ya babake, na sauti haikutetemeka. Kuanzia hapo kazi ikawa yake.

Gacha naye alikua, miguu mirefu, mifupa ya babu yake mikononi. Mguu wake wa kushoto ulikuwa wa kuogopwa, na huo alipewa na mzee, uani, enzi za mpira wa makaratasi: mzee alimvisha gambuti mguu wa kulia ili asiweze kuutumia. Ungetarajia mtoto kama huyo achezee Spina mpaka azeeke. Spina walimchukua, ndiyo, wakamweka benchi. Kochi wa wakati huo alimwona mwembamba, akasema mwembamba huvunjika. Misimu miwili kijana alivaa jezi ya bluu na kuivua bila jasho, huku mamake akiwa juu pale akimwomba Mungu mshambuliaji mwingine apatwe na homa kidogo, si ya kumuua, ya kumlaza tu.

Kisha Kiuu Combined wa kule Ruiru wakamtaka. Walimtafutia chumba na kazi kwenye sehemu ya kuosha magari, mazoezi jioni. Kijana alikuja kwa mamake amekunja uso, akidhani analeta habari ya kifo. Waruguru alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia mpira ni wa kuchezwa, haukai benchi. Enda ukacheze, baba. Baada ya kijana kuondoka, alilia, lakini hiyo ni siri ya mtu na mto wake.

Alikuja nyumbani Jumapili nyingi. Alikuwa akileta jezi yake ya Kiuu, ya manjano, afuliwe, maana aliamini hakuna mashine wala mtu anayefua kama mamake. Waruguru aliifua vizuri kabisa, halafu akaenda kuianika nyuma ya ploti ya vyumba vya kupanga alikoishi, karibu na vyoo, ili watu wa Spina wasiione wakipita. Gacha alimtania sana kwa hilo. Alisema jezi yake inafichwa kama mtoto wa nje, na wote wawili wakacheka, na hakuna aliyeona kwamba kulikuwa na jambo hapo.

Basi ndipo ikaja mechi ya mwisho ya msimu uliopita. Mambo yalikuwa hivi: Kiuu wakishinda wanapanda daraja. Spina wakishindwa wanashuka, na safari hii kushuka hakungekuwa kushuka tu. Mfadhili wao, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, alikuwa ametangaza kwamba timu ikishuka yeye anaondoka, na nafasi ya Spina kwenye ligi itauzwa kwa watu wa kaunti nyingine. Sare ilitosha kuwaokoa. Mechi ilikuwa Kamenu, na aliyekuwa akiongoza mashambulizi ya Kiuu ni Gachanja mwana wa Waruguru.

Mwanzoni mwa wiki hiyo, mwenyekiti wa mashabiki, Kinuthia, alifika sokoni. Alizungukazunguka meza, akaminya ovakado ambayo hakuwa na nia ya kuinunua, mwishowe akasema lililomleta. Hakutaka mengi. Alitaka mama aongee na kijana alegeze mguu kidogo, siku moja tu, kwa ajili ya timu ya guka wake.

"Unataka nimwambie Gachanja auze mechi?" Waruguru akamuuliza, akilitaja jina ambalo kwa kawaida hakulitaja. "Gachanja? Kinuthia, ondoka kwa meza yangu kabla sijafanya kitu."

Kinuthia aliondoka. Alikuwa mtu mzuri, alikuwa tu amechanganyikiwa na hofu, na hofu humfanya mtu aminye ovakado za wenyewe.

Siku mbili kabla ya mechi Waruguru alipika mukimo na kuku, akajaza hotpoti ili chakula kisipoe, akaenda Kiuu. Hakutumwa na mtu. Alitaka tu kumwona mtoto wake kabla ya siku ile, amwone akiwa mtoto, kabla hajamwona akiwa adui. Alimkuta chumbani na mwenzake, Owino, golikipa wa Kiuu, kijana mrefu mwenye heshima. Owino alimsalimia vizuri, akampisha kiti. Lakini hotpoti ilipofunguliwa aliiangalia kwa macho ya mashaka, akamvuta Gacha pembeni, na chumba chenyewe kilikuwa kidogo, pembeni ilikuwa papo hapo.

"Msee, usikasirike," akasema chinichini. "Lakini hiyo chakula ya Thika, wiki hii, mimi singegusa."

Waruguru alisikia. Wachezaji ni watu wa kuogopa vyakula, na timu zimefanyiana mengi. Gacha aliketi kitandani. Akaiweka hotpoti mapajani, akala. Alikula mukimo wote, akaguguna mifupa ya kuku, akapangusa mchuzi kwa kidole mbele ya macho ya Owino, akamrudishia mamake hotpoti tupu.

Alipomsindikiza mamake hadi barabarani, aliuliza.

"Mami, nikiwafunga, utanichukia?"

"Maswali gani hayo, baba," akasema Waruguru, akamrekebisha kola.

Alidhani amejibu. Mpaka leo akikaa peke yake hulirudia swali hilo na kulijibu upya, kwa maneno mengi, lakini kijana hayupo wa kuyasikia. Siku hiyo Gacha alitikisa kichwa tu. Akasema Jumamosi mechi ikiisha hatarudi na basi la timu. Ameshamwomba kochi. Atakuja na begi lake uwanjani, waende nyumbani pamoja, iwe wameshinda au wameshindwa. Waruguru alifurahi mpaka akasahau mechi yenyewe. Akasema atampikia njahi, yale maharagwe meusi ya kwao.

Jumamosi uwanja ulijaa watu ambao Spina haikuwa imewaona kwa miaka. Mgonjwa mahututi hapungukiwi wageni. Waruguru alikaa mahali pake, ngazi ya tatu, amevaa jezi ya zamani ya babake iliyofuliwa mpaka bluu ikachoka. Njahi alikuwa ameziacha jikoni zimeshaiva, zinangoja kuungwa. Kila aliyepita alimsalimia kwa mkono mrefu kidogo kuliko kawaida, na macho yakimchunguza.

Spina walitangulia kufunga, na mama alipiga kelele kama kila mtu, akakumbatiana na watu asiowajua. Kipindi cha pili Kiuu wakasawazisha, kwa kichwa, si Gacha. Sare bado ilitosha. Mabeki wa Spina wakaanza kupiga mpira nje, kwenye mahindi ya watu, nje tena, na uwanja mzima ukimwomba refa atazame saa. Dakika zikabaki chache. Kiuu wakapata kona. Mpira ulipigwa, ukagonga mtu, ukagonga mwingine, ukaangukia mguu wa kushoto wa Gachanja.

Kitu cha kwanza kilichomjia Waruguru kilikuwa furaha. Ilimjia kabla hajaizuia, furaha ya mama, aliona ule mguu unavyorudi nyuma akajua, na sauti ikamfika kooni. Wavu ukatikisika. Kisha akaona watu wote wa ngazi za chini wamegeuka, wanamtazama yeye, si goli. Akaimeza ile sauti, ikamchoma ikishuka.

Gacha hakushangilia. Wenzake walimrukia, yeye akasimama kati yao mikono ikining'inia, uso ameuelekeza ngazi ya tatu.

Kipyenga cha mwisho kikalia. Kinuthia alikuwa ameketi chini na kofia usoni. Wazee wa kiwanda walilia bila aibu, machozi ya watu wazima yanatisha kuyaona mchana. Halafu kutoka upande wa lango mtu akasema kwa nguvu kwamba Gachanja alitujenga na Gachanja ametuzika, na hapo hali ikabadilika. Waruguru aliona kijana mmoja akiinama. Akaona mwingine. Walipoinuka, mikono yao ilikuwa na mawe.

Mawe hayakuwa yameonekana katika uwanja ule tangu enzi za ujana wa babake. Na alijua, kama unavyojua jina lako, ni kitu gani kimoja kilichowahi kuyaangusha. Kama angekimbia kumkumbatia mtoto, wangesema walikuwa wamepanga, mama na mwana, na hayo mawe yangeruka. Kama angekaa, yangeruka pia. Akafunga kitambaa chake vizuri, akateremka. Alitaka kumwokoa mtoto wake. Hilo lisemwe, maana ni kweli. Lakini tusidanganyane, kulikuwa na kiburi pia ndani yake. Watu walikuwa wamemtilia shaka wiki nzima, na kila ngazi aliyoshuka alisikia moyo wake ukisema, sasa wataona mimi ni binti wa nani.

Gacha alimwona anakuja. Alikuwa ameshachukua begi lake kwenye benchi, ameliweka begani tayari kwa safari ya nyumbani. Akaanza kutembea, kisha akakimbia, na uso wake ulikuwa umeshaharibika kwa kilio, uso ule ule aliokuwa nao akiwa mdogo akija na goti lililochubuka. Mikono aliifungua akiwa bado mbali.

Waruguru alisimama kwenye mstari mweupe, akanyoosha mkono wake mmoja mbele, umenyooka.

"Kazi yako umeifanya," akasema, kwa sauti ya kufika ngazi ya juu kabisa. "Fika salama."

Gacha alisimama kama aliyefika ukingoni mwa shimo. Mikono yake ilibaki wazi kidogo, kisha ikashuka.

"Mami?"

Mkono wa Waruguru ulikuwa bado hewani. Uwanja mzima ulikuwa ukiutazama, na wale wenye mawe walikuwa wakiutazama. Kwa macho alijaribu kumwambia, chukua, baba, chukua tu, tutaongea nyumbani. Lakini kijana hakuwa akitazama macho yake. Alikuwa akitazama mkono. Akaushika, akautikisa mara moja, kama alivyoona wageni wengi wakifanya alipokuwa mtoto wa kimo cha goti la guka wake.

"Sawa," akasema.

Akageuka na begi lake, akaenda kwa basi la Kiuu.

Na hapo uwanja ukapasuka kwa makofi. Watu walisimama ngazi zote, wakilia na kupiga makofi. Mawe yalianguka chini, watu wakaona aibu. Kinuthia alivua kofia, akasema kwa sauti ya kukwaruza kwamba wamepoteza timu lakini leo wamemwona shabiki wa kweli, na maneno hayo yakapokelewa, yakapita ngazi kwa ngazi. Wanawake walimshika mabega wakimsindikiza mpaka barabarani. Waruguru alitembea kati yao akiwa amejaa uchungu na fahari, vitu viwili hivyo pamoja, na akiwa na uhakika kwamba kijana ataenda na basi mpaka mbele kidogo, hasira ipoe, ashuke arudi.

Aliunga njahi. Akaweka kitunguu, akaweka karoti, akaonja chumvi. Giza lilipoanza kuingia alitoa sahani mbili, akapakua ya kwanza, na alipokuwa ameshika mwiko kwa ajili ya ya pili ndipo maneno ya babake yalipomrudia, neno kwa neno na kile kikohozi chake. Mkono ni wa mgeni. Mgeni unampa mkono kwa sababu anaenda. Akaketi kwenye stuli na mwiko mkononi. Mtu aliyemfundisha Gachanja kila kitu kuhusu mkono ule alikuwa amekufa, na aliyebaki, yeye mamake, alikuwa amemsomea kijana hukumu mbele ya mji mzima na kupigiwa makofi.

Alimpigia simu. Gacha aliishika, sauti yake haina hasira hata chembe, na hilo ndilo lililomvunja.

"Nimefika, mami. Si ulisema nifike salama."

Spina iliuzwa kabla mvua hazijaanza. Jina jipya, rangi mpya, mji mwingine mbali. Uwanja umezungushiwa mabati, na ndani sasa hupigwa matofali ya simiti. Ngazi ya tatu wanaanikia matofali. Kinuthia siku hizi huonekana kwenye ukumbi wa runinga akiwa na jezi ya Uingereza, amejikunja kwenye kiti cha nyuma kama mtu aliyeoa tena haraka. Wengine wameacha mpira kabisa. Gacha hakuja Jumapili ile, wala iliyofuata, wala Krismasi. Simu hushika daima. Huuliza afya yake, huuliza biashara, huaga kwa adabu. Ungemsikia ungesema ni kijana mwenye heshima anayeongea na mwalimu wake wa zamani.

Mwaka ulipogeuka, Waruguru alishindwa kuvumilia. Alipika mukimo na kuku, akajaza hotpoti, akaenda Ruiru siku ya mechi. Alikaa kati ya watu wa Kiuu wenye manjano, yeye akiwa na sweta lake la kijivu, na Gachanja alipofunga alipiga kelele. Alipiga ile kelele aliyoimeza Kamenu, ikatoka yote, mpaka watu waliokaa mbele wakageuka. Mechi ilipoisha akateremka hadi mstarini. Maneno alikuwa ameyapanga tangu nyumbani.

Gacha alimwona, akaja akitembea. Alikuwa amejaa mwili kidogo, amefuga ndevu za kidevuni, na kwa karibu alikuwa mzee Gachanja mtupu.

"Walikuwa na mawe, baba," Waruguru akasema. Yale mengine yote aliyoyapanga yalikuwa yamempotea.

"Niliyaona, mami," akasema Gacha taratibu. "Heri wangenipiga."

Wenzake walikuwa wakimwita, basi lilikuwa limewashwa, liwapeleke kwenye mkutano na kochi. Alitazama nyuma, akamtazama mamake, na kwa kitambo kidogo ilionekana kama atasema jambo. Kisha akanyoosha mkono. Waruguru aliushika kwa mikono yake yote miwili, akaushikilia kupita kiasi cha salamu, na kijana akamwachia auzuie, hakuuvuta.

"Asante kwa kuja," akasema. "Fika salama."

Hotpoti aliichukua Owino. Alisema, "Leta, mathe, nitahakikisha amekula," na macho yake yalikuwa na huruma ambayo Waruguru hakuitaka, lakini aliipokea.

Waruguru huenda Ruiru kila Kiuu wanapocheza nyumbani. Hupewa mkono kila mara. Watu wa Ruiru wameshamzoea, wanamwita shosh wa Thika, yaani nyanya, na hawajui kwamba yule wanayemshangilia kwa jina ni mwanawe.

Huku Kamenu bado wanamwelekezea watu sokoni, kwenye meza ya ovakado, wakisema huyo ndiye shabiki wa kweli wa Spina aliyebaki. Lakini ukipita kwenye ploti yao Jumatatu asubuhi utaona jezi moja ya manjano ambayo kijana aliiacha ifuliwe wiki ile kabla ya mechi, na hajaifuata. Haijavaliwa tena. Waruguru huifua hata hivyo, kola na makwapa, kama yenye jasho la jana, na siku hizi huianika mbele, kwenye kamba ya barabarani.